Picha ya Jino Niliyoianika Dirishani

Leo nimeianika juani picha ya jino la mama yangu mpaka ikafutika yote. Nimeshafika nyumbani na mlango nimeufunga. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia sokoni.

Mama ana siku tisa anaishi kwa uji. Shavu limevimba, macho yamezama. Asubuhi hatimaye akakubali tutoke kijijini kwetu Mapera twende kwa daktari wa meno Mbinga mjini. Jirani yetu, Mama Kapinga, akaja kumshika mkono. (Mimi nilibeba mwavuli. Kila mtu na uwezo wake.)

Daktari akasema hang'oi kabla hajaona mizizi. Usaha ukishuka shingoni ni hatari. Muuguzi akamwekea mama mdomoni kibamba chembamba kilichovikwa nailoni nyeusi. Kikamchoma ufizi. Machozi yakamtoka mama, kimya. Picha ikapigwa.

"Mara moja tu," mama akasema. "Sifungui mdomo tena."

Muuguzi akakiweka kibamba kwenye trei, akaitwa chumba cha pili. "Msiguse kitu!"

Nikakiangalia. Nailoni imelowa mate. Sasa, mimi nilipigwa picha ya jino nikiwa kidato cha pili, na ile ilitoka inachuruzika dawa, ikaning'inizwa kwa kibanio ikauke. Tena mtu aliyekulia kwenye vichanja vya kuanikia kahawa anajua: kitu kibichi ukikifungia kwenye nailoni kinaota ukungu. Nikachana nailoni. Nikaenda dirishani penye jua, nikakigeuza huku na huku, nikakipuliza. (Moyoni nilijipongeza.)

Daktari akaingia. "Kaka, unafanya nini?"

"Nakausha, daktari. Ilikuwa mbichi, kama ile niliyopigwa nikiwa shuleni."

Akakichukua kibamba mkononi mwangu. Kisha akanifundisha taratibu, kama mtoto. "Unayoikumbuka ni filamu. Ile tuliiosha kwenye dawa, tukaianika. Kuna wakati huko nchi za nje walijaribu njia kavu: bamba lina chaji ya umeme, unalimwagia unga, unga unashika penye picha. Hakuna maji. Mashine zake zikawasumbua, wakaiacha. Hiki cha sasa nacho ni kikavu tangu mwanzo. Kinatunza picha mpaka mashine ikisome. Adui yake ni mwanga."

"Mwanga gani, daktari?"

"Huo unaoota."

Wakakiingiza kwenye mashine hata hivyo. Skrini ikaja nyeupe pe. Hata jino la kuazima hakuna!

Mama akajifunga kitenge, akasimama. "Twende nyumbani."

Hapo mzaha ukaniisha. Siku tisa, na usaha ule, na mimi ndiye niliyemfungia njia. Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inatazama. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwanaume mzima na ndevu zangu.

"Mama, nisamehe. Fungua mara moja tena. Mimi natoka nje."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Toka," akasema. "Na usisimame karibu na dirisha."

Akarudi kwenye kiti. Mimi nikatoka, na baada ya saa moja jino nalo likatoka. Mama akaja ameuma pamba, hawezi kusema neno. Nikamwinamia Mama Kapinga, nikamuuliza polepole kama mama bado amekasirika. Yeye hakujibu polepole. Korido yote ilisikia:

"Baba, siku nyingine mama yako asindikizwe na mbuzi. Mbuzi atakula nailoni, picha ataiacha."