Malalamiko Kuhusu Sauti Inayohama Chumba Bila Kuaga

Ndugu Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na masikio yako yote mawili. Mimi ni mzima pia, ingawa kuanzia Jumanne hadi Ijumaa nilikuwa kiziwi, na aliyenifanya hivyo ni wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta uliyotufungia siiamini tena. Unanifahamu. Nimefungua injini katika gereji za nchi tatu, na kote huko naitwa Sikio. Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini kwenye sikio la kulia, nafumba macho, halafu nautaja ugonjwa. Madaktari wenyewe huniletea magari yao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sauti uliipa makazi mawili. Spika ulizivutia waya mrefu hadi sebuleni, dada yako asikilize hadithi zake akishona. Hedifoni, nene kama mito, zikabaki kwangu chumbani. Hapo sina ugomvi. Ugomvi ni ule ujanja wako wa vitufe viwili, kwamba vikibonyezwa pamoja sauti inatoka huku inakwenda kule. Inahama kimya kimya. Hata mpangaji mwenye aibu zake akihama hugonga mlango akaaga.

2. Jumanne nilipangusa grisi kwenye vitufe, kwa nia ya usafi tu. Kisha nikavaa hedifoni, nikafunga mlango, nifanye lile jaribio la masikio la mtandaoni. Nilitaka cheti nikibandike gereji juu ya kalenda, ili fundi breki apunguze maringo. Maelezo yalisema: ukisikia mlio, bonyeza NDIYO. Milio ishirini na minne, kumi na miwili kila sikio. Sikusikia hata mmoja. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nikabonyeza HAPANA mara ishirini na nne, kwa uaminifu, maana mimi mtihani siibii. Kompyuta ikaniandikia nimuone daktari.

3. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nilitafakari. Kama ni kiziwi, mbona watu nawasikia? Darasa la sita nililoishia lilitosha kunipa jibu: nasoma midomo, tena kwa wepesi mpaka mwenyewe nilikuwa sijui. Fundi breki akauliza kama injini nazo zina midomo. Nikamwambia injini naisoma mtikisiko. Akarudi kwenye breki zake.

4. Kwa kuwa mimi si mtu wa kung'ang'ania cheo, Jumatano niliwakusanya mafundi, nikatoa hotuba ndefu, nikamkabidhi fundi breki bisibisi yangu. Shemeji, bisibisi ile ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Kesho yake aliitumia kusikiliza gari la mwalimu mmoja, akashusha giaboksi nzima. Kilichokuwa kinagonga ni chupa ya maji chini ya kiti. Mimi wakati huo nilikuwa najaza matairi upepo, ndiyo kazi niliyobaki nayo.

5. Hili ndilo silisamehe. Dada yako, ambaye wewe humsema ana maneno mengi, ingawa mimi tangu tulipooana namjua kuwa mwanamke mpole, anayekaa kushotoni kwangu mezani akala zake bila neno, alianza kuniandikia vikaratasi. Chai tayari. Umevaa shati nje ndani. Alhamisi nikamkuta anaosha vyombo, amenipa mgongo, anasema peke yake, "Sasa mimi nitaongea na nani?" Nikamjibu nipo, mama. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mgongo hauna midomo.

6. Ijumaa akaniandikia kikaratasi kirefu: Jumanne ile mashine yako ilikuwa inalia nini huku sebuleni? Alikuwa amebadilisha betri za saa, akazima friji, akamwita jirani akague dari. Milio yote ishirini na minne waliisikia wao. Kwa haki, cheti ni cha jirani.

Kwa hiyo nadai vitufe hivyo ving'olewe, na sauti isihame tena bila kuniomba kwa maandishi. Zaidi ya yote, Jumatatu asubuhi ufike gereji umevaa suti, upande juu ya tairi, uwatangazie mafundi kwamba mgonjwa alikuwa waya, si Sikio, nirudishiwe bisibisi yangu.

Msalimie mkeo, watoto, na mama mkwe anayedai simsikii simuni, mwambie simu yake ndiyo mbovu, si mimi. Na yule rafiki yako anayecheka kabla sijamaliza hadithi, naye msalimie.

Wako mwenye masikio mawili yasiyo na dosari,
Sikio

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimerudia jaribio, sauti ikiwa kwenye hedifoni, dada yako akiwa shahidi. Sikio la kulia: milio kumi na miwili yote. La kushoto: miwili. Nikazigeuza hedifoni nikidhani ni waya. La kushoto bado miwili. Dada yako alibeba kiti chake, akakihamishia kulia kwangu, akaanza kuongea, na mpaka naandika hapa hajamaliza. Shemeji, ulisema kweli, ana maneno mengi, tena mazuri, na mengi ni ya zamani. Vitufe viache vilivyo. Jumatatu njoo bila suti, unipeleke kwa daktari. Nyumbani kwetu utakaa popote utakapo, ila kulia kwangu pana mtu.