Begi Langu Limetangulia Kodaikanal

Jumanne, 13 Mei

Joto la kukaanga yai juu ya bati. Dindigul nzima inanuka lami. Lakini leo nimemaliza jambo lililonikaa kooni miaka ishirini na nne: tunakwenda Kodaikanal! Mlimani, kwenye ukungu na baridi na lile ziwa. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wageni ya chama chetu cha mafundi kufuli, Ijumaa hadi Jumapili.

Nikamwambia mke wangu, Visalam. Nilitegemea ataruka. Hakuruka. Aliendelea kuchambua dengu, akasema, Baba Kayal, mwaka wa harusi paka alikatiza njia, tukarudi. Mwaka uliofuata wewe ukapiga chafya, tukarudi. Mara ya tatu tulifika hadi stendi, ukakumbuka umetoka na mguu wa kushoto. Mlima wenyewe uko saa tatu tu kwa basi! Akaweka ungo chini. Safari hii, akasema, nakwenda, uwepo usiwepo.

Usiwepo! Mimi niliyemwahidi mbele ya moto wa harusi kwamba nitampandisha mashua kwa mkono wangu! Nimekasirika hadi nikala sahani mbili.

Wewe daftari nakwambia kweli: naogopa. Ahadi nyingine zote nimezitimiza. Imebaki hii.

Jumatano, 14 Mei

Balaa. Nimefungua kalenda ya saa njema na mbaya leo, badala ya kuifungua juzi. Ijumaa mkuki wa Bwana Shiva unaelekea magharibi, upande usiosafiriwa siku hiyo, na Kodaikanal iko magharibi! Tena Ijumaa saa ya Rahu, ile saa moja na nusu ambayo mtu mwenye akili timamu haanzi jambo, inaanza saa nne na nusu asubuhi. Basi letu ni la saa tatu. Likichelewa tu, tumekwisha.

Lakini mungu wangu Muruga hamtupi mja wake. Nimekumbuka dawa ya wazee: begi linatoka mapema, kwa saa njema, linakaa kwa jirani wa upande ule unaoelekea. Basi safari inahesabiwa imeanza, na mkuki haukugusi. Sharti ni moja. Begi likishatoka, halirudi ndani ya nyumba.

Jirani wa magharibi ni nani? Arivoli! Mtu aliyestaafu kupanda nguzo za umeme, anavaa shati jeusi mwaka mzima, hamwamini Mungu, na alimwoza binti yake ndani ya saa ya Rahu makusudi, kisha akagawa vijitabu vya kupinga miungu. Majivu ya sala ya paji langu la uso anayaita plasta. Kila asubuhi: "Kaka Chokalingam, ukuta umepasuka tena?"

Nimekwenda kumwomba huku nimeuma meno. Amekubali haraka mno. Kumbe na yeye anapanda Kodaikanal Ijumaa, na mkewe Kuyili, kwa gari lake. Anaondoka saa nne na nusu kamili. Ati ili Rahu naye apate lifti.

Nimeoga nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 15 Mei

Saa tano kasorobo, dakika yenyewe, begi limetoka! Nimevunja nazi, nimewasha kafuri. Begi nimelifunga kwa kufuli langu mwenyewe, la vyuma saba ndani, lile ninalowaambia wateja kwamba mwizi ataliacha kufuli aondoke na mlango. Arivoli amelipokea kwa mikono miwili, akaliuliza kama limeshakunywa kahawa. Akaliuliza begi! Mbele ya watu!

Jioni. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati. Shati liko ndani ya begi. Kufuli hilo ukilibana linajifunga lenyewe, ndiyo sifa yake. Miwani yangu imo. Shuka zangu zote nzuri za kuvaa zimo. Nimebaki na hii yenye doa la mafuta ya taa ya sala.

Nimekwenda kwa Arivoli. Akachomoa pini kwenye nywele za Kuyili, akasema, Kaka, dakika moja tu. Nikamwambia kufuli lile halifunguki kwa pini, nimelitengeneza miaka ishirini. Akasema basi tujaribu, unaogopa nini? Nikaondoka. Sikuaga.

Visalam amecheka mpaka akashika nguzo.

Ijumaa, 16 Mei

Mjusi!

Saa mbili na nusu tuko mlangoni, Visalam amevaa sari ya bluu aliyoitunza tangu ndoa ya Kayal wetu, maua kichwani. Nafungua mlango, mjusi anadondoka kutoka juu. Begani ningevumilia. Kichwani! Kalenda inasema wazi: kichwani ni ugomvi na msiba. Visalam akasema mjusi ameanguka kwa sababu nimesukuma mlango kama ng'ombe. Nikamwambia angoje nusu saa tu, nioge, niwashe taa hekaluni, turudi kwenye mstari.

Alinitazama. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa, lakini nilikuwa na haraka.

Hekaluni foleni ya akina mama na taa zao za maganda ya ndimu imefika barabarani. Kuhani wa hekalu anatembea kama amekodishiwa miguu. Nilipomaliza, saa nne na nusu imegonga. Nani anatoka hekaluni ndani ya Rahu? Nikakaa hadi saa sita.

Nyumbani kimya. Kwenye sakafu ya baraza, kwa unga wa mchele uleule anaochorea maua kila asubuhi, ameandika: UMESEMA SAFARI IMESHAANZA NA IKO KWA JIRANI. NIMEIFUATA. WALI WA UKWAJU NA UFUNGUO WA NYUMBA VIKO CHINI YA SAHANI.

Ndani ya Rahu! Na mtu wa shati jeusi!

Nimekula wali kwa hasira. Wote.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewaombea wasipate ajali. Hata Arivoli. Muruga ni shahidi.

Hawakupata. Hata pancha! Visalam amepiga simu asubuhi, anapiga kelele kama yuko mwezini. Ukungu umeingia hadi chumbani, anasema. Na kufuli? Arivoli alilifungua kwa pini kabla kahawa haijapoa. Nikamwuliza kahawa ya moto kiasi gani. Akakata simu.

Halafu picha. Mashua. Visalam mbele, amefungua mdomo wote anacheka, kama yule msichana niliyemwoa. Nyuma yake Arivoli anapiga kasia, na kichwani amevaa kofia YANGU ya sufu, ile ya kufunika masikio, iliyokuwa ndani ya begi!

Nimekimbia stendi niwafuate. Jumamosi magharibi ni safi. Basi la kwanza, namba zake ukijumlisha unapata nane, namba ya mkosi. Nane! La pili, dereva alipiga chafya. La tatu limekuja ndani ya Rahu. La nne limejaa. Nimerudi kwa miguu, nikamgombeza mbuzi wa watu.

Jumapili, 18 Mei

Wamerudi saa kumi na moja jioni, katikati ya Rahu. Visalam ananukia mkaratusi. Kaniletea mafuta ya kuchua magoti, na matunda ya plamu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Ijumaa. Akakaa karibu yangu, akasema maji ya ziwa ni baridi, aliyagusa kwa mkono, akanikumbuka mimi, mjinga wake. Mwakani wanakwenda tena. Nafasi yangu ipo. Arivoli mwenyewe kasema Kaka lazima aje, bila yeye atamtania nani? Ila nije na miguu yangu, kalenda ibaki ukutani.

Machozi yalinilenga, daftari. Nikakubali. Safari hii sichezi.

Kesho Rahu inaisha saa tatu. Saa tatu na robo begi linatoka kwenda kwa Arivoli. Mwaka mzima kabla! Mkuki gani utalifikia? Kufuli ni jipya, vyuma tisa, pini haipiti hata ikitambaa. Na ufunguo siuweki tena mfukoni, mifuko ndiyo iliyoniponza. Nimeuweka mahali ambapo hauwezi kupotea: katikati ya begi, juu ya nguo zote, ndani ya kofia ya sufu.

Nimeshalibana. Limelia ka! Sauti tamu.