Harakati za Ufunguo wa Choo

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye jengo kafunga choo! Kufuli kubwa kama ngumi. Eti tunachafua. Sasa sisi mafundi kumi na mmoja tunaoshonea humu twende kituo cha mafuta, barabara ya pili. Dada wa vifungo ana mimba ya miezi minane. Leo kaenda mara sita, mara ya sita alirudi analia. Nikapandwa na hasira. Nikasimama juu ya benchi nikatangaza Harakati. Makofi! Suruali za wateja zitasubiri.

Jumanne, 4 Machi
Uchaguzi. Mwenyekiti ni mimi. Fundi mashati kanuna, nikampa umakamu. Fundi suti naye kanuna. Makamu wa pili. Kufikia saa nne watu kumi tuna vyeo. Mwanachama wa kawaida ni mmoja tu: fundi viatu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kakataa cheo. Kauliza tunataka nini hasa. Maswali gani hayo! Dada wa vifungo kaomba twende tukamwone mwenye jengo leo leo. Nikamweleza kwa upole kuwa katiba kwanza. Kaondoka ameshika kiuno.

Jumatano, 5 Machi
Katiba. Saa tatu nzima tunagombania jina. Nimeongeza madai: choo, lami, bei ya uzi, amani duniani. Fundi mashati kajitoa, kaanzisha Harakati Halisi. Wafuasi watatu. Nimemfukuza kwa barua, ingawa alishaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mgomo wa kula! Nimeanza saa mbili, baada ya chai. Saa nne jirani mwenye tanuri hapo kazini kaepua mikate. Nikasitisha mgomo kwa sababu za kimkakati.

Narudi, hakuna mtu! Wako ngazini. Shemeji kawaambia dai ni moja, ufunguo, na kila mtu apande ofisini kwa mwenye jengo akaombe kutumia choo cha humo ofisini, kwa adabu. Wakapanda. Hata Halisi. Hata wateja! Shikamoo mzee, samahani, naomba kujisaidia. Mmoja anatoka, mwingine anabisha hodi, na mzee ana wageni. Saa nane ufunguo ukateremshwa. Dada wa vifungo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni ya choo. Roho iliniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya tathmini. Ushindi umetokana na katiba. Shemeji kaongoza bila idhini, utovu wa nidhamu huo. Nimeitisha kikao, hakuja mtu. Basi asubuhi nimekifunga choo, nikaja na ufunguo nyumbani. Utakaa kwa mwenyekiti mpaka kanuni za matumizi zipitishwe.

Mke wangu anasema nje kuna foleni mpaka kwa jirani, mbele kabisa dada wa vifungo, na wote wana adabu ajabu. Hatimaye wamekuja kunishukuru! Ngoja nivae koti.