Propela ya Wifi Yangu

Jumatatu, tarehe 9

Jiwe limeitafuna propela yangu. Bawa moja limekunjika kama sikio la mbuzi. Na wiki yenyewe ndiyo hii!

Jumamosi mwenye kinu anatujaribu mimi na wifi. Atatupakia magunia ya unga tuvuke nayo hadi ng'ambo, na atakayemridhisha ndiye atakayembebea siku zote. Nikishindwa, mwanangu anaiuza boti. Kasema mwenyewe, mdomo umejaa chakula changu, kwamba bibi wa umri wangu hukaa kibarazani akachambua maharage. Nimemwambia achambue yeye. Mimi nilishamchambua chawa, inatosha.

Wifi ana boti kama yangu. Mashine zetu ni pacha. Marehemu alinunua mbili, moja ya mkewe, moja ya dada yake, ili tusigombane. Maskini mume wangu. Alikuwa na moyo mzuri, akili ndiyo ilikuwa likizo.

Jumanne, tarehe 10

Kwa fundi. Kaniuliza kama nabeba mizigo au nataka mbio. Nimesema vyote viwili, niko hapa kununua, si kuhojiwa.

Akaniwekea mbili mezani. Moja nyeusi, mabawa manne, mapana, sura kama chapati iliyoanguka. Akasema hiyo ina hatua fupi: kila ikizunguka huisogeza boti kidogo, lakini mzigo inauweza. Ya pili mabawa matatu, yamesokotwa sana, hatua ndefu. Hiyo ni ya boti nyepesi. Akasema mtu mwenye gunia kichwani akipanda mlima hapigi hatua ndefu.

Nikamwambia nimebeba magunia kabla baba yake hajaota ndevu, asinifundishe kutembea. Nikachukua ya hatua ndefu. Inang'aa kama sufuria mpya! Nikamwachia viazi vya kuchemsha. Fundi amekonda, na mkewe yuko safarini.

Jumatano, tarehe 11

Imeruka! Boti tupu, inagusa maji kwa adabu tu. Nimempita wifi mara mbili nikimsalimia kwa upole, maji yakimrukia usoni. Akaitikia. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nimeshafika mbali.

Kisha nikapakia magunia ya mchanga, nijaribu. Boti ikakaa kama kuku anayeatamia. Mashine ikalia, ikakohoa moshi, bata akanipita. Bata!

Fundi ni mwongo. Kaniuzia mbovu.

Narudi pwani, namkuta wifi anafunga propela mpya. Nyeusi. Mabawa manne. Ile niliyoikataa mimi! Kainunua kunikomoa.

Alhamisi, tarehe 12

Leo nimefikiri. Shule sikuiona hata mlango, herufi nilizijua kwenye magunia ya abiria: UNGA, SUKARI, CHUMVI. Lakini kufikiri hakufundishwi na mtu.

Mashine ni pacha. Propela yake itaingia kwangu, yangu itaingia kwake. Na wifi akishakula mchana, hata umhamishe na kitanda chake hajui.

Ijumaa, tarehe 13

Imekwisha! Nimempelekea chakula kingi, akala, akakoroma. Nikaingia majini na spana. Nikafungua yake nikaihamishia kwangu, na kwake nikafunga yangu niliyoipaka masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia. Kweli, ina mabawa matatu, si manne. Lakini nani huhesabu chini ya maji?

Balaa moja tu. Kile kipini kinachozuia nati isifunguke kiliniponyoka, kikazama. Ni cha kwake, si changu. Nikavua pini ya nywele, ile yenye ushanga mwekundu, nikaichomeka. Imeshika. Nafikiri imeshika.

Natoka, wifi huyo mbele yangu. Kaniuliza nafanya nini majini na nguo zote. Nikasema naosha miguu. Nilikuwa nimelowa hadi kifuani. Akanipa taulo lake, akanifunika mabega, akasema nitapata homa. Huruma ya mwanamke huyu inaniudhi sana.

Jumamosi, tarehe 14

Tulipakiwa sawasawa. Wifi alirudi nyuma kidogo, akageuza, tukaondoka. Yangu ikavuta kama punda aliyeshiba. Yake ikakaa mkia chini, moshi juu. Nikampungia mkono.

Katikati ya maji nikasikia mashine yake inapiga kelele za bure. Boti haiendi. Pini imekatika, nati imefunguka, propela imezama. Na maji yanamsukuma kwenye jiwe lilelile lililonitafuna. Wifi hajui kuogelea.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kidogo. Kisha nikaona anashikilia magunia kwa mikono miwili, midomo inacheza, anaomba. Nikageuza.

"Wewe mwanamke, acha unga wa watu, shika kamba!"

Akashika. Mabawa manne yakavuta boti mbili, magunia yote na wazee wawili. Tulifika polepole kama msafara wa mazishi, lakini hakuna gunia lililolowa. Mwenye kinu, aliyetutangulia ng'ambo, akasema hajawahi kuona boti ya nguvu kama hii. Kazi ni yangu.

Wifi alikuwa ameinama nyuma ya boti yake. Akaja na kipande cha pini chenye ushanga mwekundu.

"Hii nilikununulia mimi, wifi."

"Ndiyo," nikasema. "Haikuwa imara."

Nilingoja matusi. Akacheka mpaka akakaa juu ya unga. Alipopata pumzi akamweleza mwenye kinu kwamba propela ni yake, mashine ni yangu, basi kazi ni yetu. Mwenye kinu akasema mambo yetu tumalizane wenyewe, yeye anataka unga mkavu. Kisha nikamtafuta mwanangu. Nilimkuta kibarazani, nikamwekea maharage.

Jumapili, tarehe 15

Wifi kachukua propela yake. Haki yake. Nimekwenda kwa fundi, ambaye aliweka mezani nyingine nyeusi ya mabawa manne kabla sijafungua mdomo. Nikaigusa. Ni nzito, ni ya maana.

Lakini kando yake palikuwa na nyingine, hatua ndefu kuliko ile ya kwanza, inang'aa mpaka nikaona meno yangu. Nimeichukua.

Kesho ni mzigo wa kwanza. Nimenunua pia pini za nywele, za chuma safari hii. Wifi kaapa hatalala tena mchana.

Atalala tu. Napika kwa watu wanne.