Nilivyomwita Mjomba Aje Kuupima Mji

Jumatatu, 16 Februari 1953
Mkwe wangu Hezekia amepata ukarani katika kambi ya barabara huko Mikumi. Lori litaondoka tarehe 11 Machi. Anataka kwenda na mke wake, jambo ambalo ni haki yake, wala simlaumu. Ila mke wake ni Ida, binti yangu wa pekee, na tangu mke wangu Magreti afariki, katika nyumba hii ya Kilosa hakuna sauti nyingine. Jioni Ida aliniuliza mimi naonaje. Nikajibu kwamba mji una faida na hasara, ni vema kuzipima. Akasubiri. Nikaongeza kwamba Mikumi kuna mbung'o. Akaondoa vikombe.

Jumanne, 17 Februari
Nimepata njia. Kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye usemi ni mjomba. Ni kweli kwamba katika harusi ya Ida nilimwambia shemeji yangu Danieli, mbele ya watu, kuwa desturi hiyo imekwisha, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa. Nilimketisha nyuma, karibu na mlango. Leo nimemwandikia huko Lumuma kurasa tatu. Mbili za kuomba radhi. Ya tatu ya kumsihi aje auone mji, kisha atamke kama Ida aondoke au abaki. Sikumwambia atamke lipi. Ingekuwa utovu wa adabu.

Alhamisi, 5 Machi
Danieli amefika, na jogoo kwapani. Ida alipiga magoti, akamwamkia. Danieli aliitika marahaba huku akinitazama mimi. Akauliza kama safari hii ataketi ndani au karibu na mlango. Nilimpa kiti changu. Hajakirudisha.

Jumamosi, 7 Machi
Nimemtembeza mjini. Nilitaka asikie faida vinywani mwa wakazi wenyewe. Lilikuwa kosa.

Bombani tulimkuta Mama Mwanvua, muuza vitumbua, ambaye jana nilimwomba aseme mazuri. Alianza vizuri sana. Alisema hapa ukiugua hospitali iko karibu, hubebwi kitandani siku mbili njiani. Kisha akaendelea bila kuombwa. Kuni zinanunuliwa, hata kijiti kilichooza. Mto Mkondoa ukifurika unaingia jikoni bila hodi. Na jirani yako anaweza kufa, ukajulishwa na harufu. Kondo, anayefanya kazi korona, kule wanakochakata mkonge, alisema marehemu asisingiziwe, harufu hiyo ni ya maji ya mkonge. Akaongeza kuwa king'ora cha korona ni cha haki kabisa, kinamwamsha hata asiye na kazi. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu.

Lakini Danieli hakuonekana kuudhika. Alikunywa maji ya bomba mara tatu. Alinunua mkate wa ngano, akaumaliza akiwa amesimama. Stesheni aliwapungia mkono abiria asiowajua, na wawili wakampungia. Alisema hajapata kuona mji mwema kama huu. Nimelala na matumaini makubwa.

Jumapili, 8 Machi
Baada ya ibada tuliketi wanne. Danieli alikohoa, akasema ameupima mji. Ni mzuri mno. Kwa sababu hiyo haumfai kijana. Mwanamke anayefungua bomba akiwa na miaka ishirini na mitatu atafanya nini akifika sitini? Vijana waende wakafyeke pori. Mji ni wa wazee ambao magoti yao yamekwisha.

Akatoa hukumu kwamba Ida aende Mikumi. Hezekia alimshukuru kwa mikono miwili.

Kisha Danieli akataja magoti yake mwenyewe. Chumba cha Ida, alisema, kisiachwe kwa panya.

Ningeweza kupinga. Lakini niliyemwita ni mimi, tena kwa maandishi.

Jumatano, 11 Machi
Wameondoka. Mvua, tope, lori limejaa masururu na mahema. Kabla ya kupanda, Ida alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilitaka abaki. Nilimjibu kwamba mjomba wake amekwisha kusema. Akasema, "Nimekuuliza wewe, Baba." Nikamkumbusha ajifunike, kuna baridi njiani.

Ameacha kikombe cha bluu cha mama yake, akidhani nitakihitaji. Jioni Danieli amenywea chai. Magreti, nisamehe. Ni kaka yako, na ni mgeni.

Jumamosi, 28 Machi
Barua ya Ida. Maji wanachota kijitoni, tembo wamekula mahindi ya jirani. Hezekia ameahidiwa ukarani katika shamba moja la mkonge hapa Kilosa, mradi ajibu kabla ya Jumanne. Yeye yuko tayari, ila Ida amemwambia asubiri neno langu. Ameandika: "Baba, niandikie kwa mkono wako kama unataka turudi. Neno moja linatosha. Dereva wa lori atalichukua Jumatatu."

Nilisoma mara nne. Ilinibidi kufuta miwani.

Hata hivyo, haifai baba kuvuruga nyumba ya binti aliyeolewa, na aliyeamua aende ni mjomba. Nimemwomba Danieli kwa heshima atengue neno lake. Amesema si jambo la kukurupukia, ni lazima kwanza ashauriane na wazee wa ukoo huko Lumuma. Atarudi baada ya Pasaka. Nimemsindikiza stesheni, na mikate miwili ya njiani.

Ida nimemjibu usiku huu huu, kurasa nne, kwa mwandiko wangu bora. Nimemweleza habari za mvua, bei ya kuni, na afya ya Mama Mwanvua. Mwishoni nimemwomba radhi, nikamsihi awe na subira, kwani suala lake limefikishwa kwa wahusika.