Mwenyekiti Wanyoike Afungua Kliniki ya Damu, Lanet

Bwana Mkubwa wa Afya, uliyeshindwa kufika lakini ukatutumia kofia yako ikae kwenye kiti cha mbele, Mheshimiwa Padre, wazee wa baraza, manyapara wa mashamba, mafundi wa reli, akina mama mlioketi chini kwa heshima, na ninyi wengine msio na cheo lakini mmehesabiwa: hamjambo? (Hatujambo.) Sikusikia, na kofia haikusikia. (Hatujambo, kwa nguvu kidogo.)

Mimi, Wanyoike, Mwenyekiti wa Kamati ya Skimu ya Damu, mwenye nishani moja na ya pili iko njiani, natangaza leo, mwaka huu wa 1956, kwamba Lanet ina kliniki ya daktari bingwa wa magonjwa ya damu, kitu ambacho Naivasha hawana na Gilgil watakuja kukiomba kwa magoti. (Makofi. Karani Kipkemei ndiye anayeyaanzisha.) Daktari huyu ataitia damu yako kwenye darubini, aione kama ni nyepesi, kama imepungua, au kama imejikunja mfano wa mundu, ile ya watoto wa wenzetu waliokuja na reli kutoka magharibi, wanaolia viungo kutwa na sisi tunasema ni baridi ya Nakuru tu.

(Mama mmoja anasimama, mtoto mgongoni.) Naam, mama Namalwa, nimekuona. Unauliza daktari yuko wapi, kwa maana Nyongesa wako amevimba mikono, na dada yake ulimzika mwaka jana kwa maumivu hayo hayo. Swali zuri sana, na lina safu yake kwenye ripoti. Keti. (Haketi.)

Sasa takwimu. Watu wa Lanet mia nne na kumi na wawili, asilimia mia moja, wamepimwa damu. (Mzee Kipsang anauliza walipimwa lini.) Mzee, umesahau Jumanne ile mlipopanga foleni, wakubwa kwa watoto, kila mtu akabandika dole gumba kwenye karatasi? (Anasema ule ulikuwa wino.) Wino mwekundu, ndiyo, kwa sababu ule wa buluu ulikuwa umekauka. Lakini Nairobi wamepokea madoa mekundu mia nne na kumi na mawili, wakaandika kwamba damu ya Lanet ni safi kabisa na haina ugonjwa. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, nasi tumekinga hata tiba yenyewe.

Damu safi, Lanet mbele! (Kipkemei peke yake anaitikia.) Kamati juu! (Hata Kipkemei ananyamaza.)

Namalizia kwa shukrani. Asante Kipkemei kwa nguzo hizi mbili na utepe ninaoukata sasa, ambao nyuma yake, kama mnavyoona, ni nyasi. Asante Nairobi, ambao baada ya kuona tulivyo wazima hawakuona haja ya kuleta daktari wala kujenga. Na asante wewe, mama Namalwa, kwa kusimama muda wote huu. Dole la Nyongesa ni namba mia mbili na saba, na barua inasema mtoto huyo hana neno.