Mchanga wa Tangi la Bi Evelyn

Jumatatu, 7 Machi 1994
Bi Evelyn, mwanafunzi wangu wa zamani, anafungua hoteli Usa River Jumamosi. Siku hizi biashara ni huria, kila mtu na lake. Yeye ameweka mapokezini tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, la samaki wa baharini. Samaki watafika Ijumaa kutoka Dar es Salaam. Kilichobaki ni mchanga wa chini. Ameniamkia shikamoo, akaniomba nichague rangi na ukubwa wa chembe, kwa kuwa ni mimi niliyemfundisha bahari. Nimekubali.

Nimefundisha bahari, katika somo la jiografia, miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuiona. Akijua yeye, watajua wote waliopita darasani kwangu.

Jumanne, 8 Machi
Nimekwenda Mto Themi, hapa Arusha. Mchanga mweusi, mzito. Nimeinama kuupapasa, nikaupenda. Bahati mbaya akapita Aminiel, jirani yangu wa Moshono, mfuga kuku, aliyewahi kufanya kazi bandari ya Tanga na hachoki kuitaja. Akauliza kama nimedondosha jino. Nilipomweleza, akasema mchanga huo ni wa kujengea choo. Unaotakiwa ni mweupe, wa makombe, chembe kama sukari. Ukiwa laini kama unga, maji yatachafuka. Ukiwa kokoto, uchafu utajificha chini. Akajitolea kumwona Bi Evelyn. Nimemkataza.

Jumatano, 9 Machi
Balaa. Lori la Bi Evelyn linakwenda Tanga kesho kuchukua saruji. Ameagiza nilipande, nikachague mchanga mwenyewe ufukweni. Dereva angeniuliza njia ya pwani! Nikausikia mdomo wangu ukisema hakuna haja, ninayo akiba.

Akiba ipi? Nimezunguka mjini kama mwizi. Mwishowe, katika duka la chakula cha kuku, nikaona makombe ya baharini yaliyosagwa, ya kuimarisha maganda ya mayai. Meupe. Chembe kama sukari. Sakaya, mwenye duka, akauliza nina kuku wangapi. Mia mbili, nikasema. Nimechukua magunia matatu.

Mke wangu, Penina, ameyatazama. "Baba Nancy, kuku wetu ni wanne."
Nimeyasukuma magunia chini ya kitanda.

Ijumaa, 11 Machi
Magunia mawili yakaenea vizuri. Samaki sita wa manjano wakatiwa. Tangi likapendeza, nikaanza kupumua. Bi Evelyn akaona kona moja haijajaa. Nikamwaga gunia la tatu haraka, bila kulichungulia, nikihofu mtu asiyaone maandishi yake. Kumbe hilo lilikuwa limekwisha kuchanganywa na pumba na unga wa dagaa.

Maji yakawa uji. Samaki wakapanda juu, midomo wazi. Bi Evelyn akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikasema bahari huwa hivyo asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana.

Ndipo akaingia Aminiel na trei za mayai ya jikoni. Akatumbukiza mkono, akanusa vidole.
"Mwalimu, hawa wataanza kutaga lini?"

Bi Evelyn hakucheka. Akaniuliza, mbele ya wapishi, kama nimewahi kuiona bahari.
"Kwenye ramani," nikasema.

Wawili wamekufa. Wanne Aminiel amewaokoa kwa ndoo ya maji ya chumvi yaliyobaki. Dereva amepigiwa simu Tanga arudi na mchanga.

Jumamosi, 12 Machi
Mchanga umefika alfajiri. Aminiel ameuosha mara saba. Wakati wa sherehe nilisimama nyuma ya pazia, nikimwogopa kila aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Hakuna aliyecheka. Bi Evelyn hakumwambia mtu. Ameniamkia kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko kichapo.

Kisha mgeni mmoja mzungu akauliza nani angeweza kumfikisha kwenye kilele cha Mlima Meru Jumatatu. Aminiel akakohoa, akijiandaa kusema. Nikamtangulia. Nikasema njia yote naijua kama chumba changu. Mgeni akanishika mkono kwa furaha. Bi Evelyn akafumba macho.

Sasa nimeketi dirishani. Mawingu yameondoka, mlima umeonekana wote. Ni mrefu kuliko nilivyokuwa nikiufundisha.